Mtoto Naye Ana Hesabu Yake



Wazee wetu walituachia msemo usemao kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Msemo huo twausikia madukani, katika vyama vya ushirika na katika vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa. Mwenye duka huandika kila kibiriti atoacho kwa mkopo. Karani wa pamba huandika kila kilo ipandayo mizani. Mfugaji aliye makini anaijua tarehe aliyoogesha ng'ombe wake na tarehe ambayo kila mmoja alizaa. Lakini ingia katika nyumba ya mfanyakazi, ambamo baba na mama wametoka asubuhi na mtoto wa miezi tisa amebaki mikononi mwa yaya, kisha uulize: Jana mtoto huyu alikunywa uji mara ngapi? Alikojoa mara ngapi? Homa ilimpanda saa ngapi? Utajibiwa, "Hajambo, amekula, amelala." Maneno matatu hayo ndiyo taarifa yote ya saa kumi za maisha ya binadamu.

Wiki hii basi tuzungumze juu ya daftari la mtoto, yaani daftari dogo la kawaida ambamo yaya na wazazi huandika kwa zamu mambo ya kila siku ya mtoto mchanga: alichokula, alivyolala, haja zake, dawa zake na hali ya mwili wake.

Nimechagua kulieleza jambo hili kwa kuitazama Mugeta, kata iliyomo wilayani Bunda, Mkoa wa Mara. Msomaji wa Dar es Salaam au Mwanza asidhani kwamba habari za Mugeta hazimhusu. Bunda ni nchi ya wakulima na wafugaji. Ni nchi ya pamba, mtama, muhogo, mahindi na ng'ombe. Hata hivyo, katika kata ya namna hiyo wapo pia wafanyakazi wa mshahara: mwalimu, mwuguzi, afisa ugani, mtendaji. Aghalabu hao wamehamishiwa hapo kutoka mikoa mingine, wala hawana bibi au shangazi wa kumwachia mtoto. Na kwa upande wa pili, ni kutoka vijiji kama hivyo vya Mara ndiko watokako baadhi ya wasichana waendao Musoma, Mwanza na hata Dar es Salaam kulea watoto wa watu. Kwa hiyo huenda yule uliyemwachia mwanao leo asubuhi alijifunza kubeba mtoto mgongoni katika kijiji cha namna hiyo. Tukiielewa Mugeta, tumeielewa nyumba yako.

Tuanze na hesabu ya siku. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama mfanyakazi siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, na siku 100 kama amejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Likizo ikiisha, mtoto ana umri wa miezi mitatu au pungufu. Wataalamu wa afya nao wanatuambia kwamba mtoto anyonyeshwe maziwa ya mama peke yake hadi atimize miezi sita. Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mama nafasi ya kunyonyesha wakati wa kazi, isiyozidi saa mbili kwa siku. Mwalimu anayekaa jirani na shule aweza kuitumia nafasi hiyo. Lakini mama ambaye nyumba yake iko mbali na kazi yake hukamua maziwa na kuyaacha. Hapo ndipo malezi ya mikono miwili yanapoanza, na mkono mmoja haujui mwingine umefanya nini.

Katika joto letu, maziwa ya mama yaliyokamuliwa yasikae nje zaidi ya saa nne, nayo yanyweshwe kwa kikombe kisafi kuliko chupa, kwa sababu chupa na chuchu yake ni vigumu kuvisafisha. Je, yaya atajuaje kwamba saa nne zimepita ikiwa hakuna aliyeandika saa ya kukamua? Atakisia. Au atayanusa. Kukisia na kunusa si njia ya kumlinda mtoto asiharishe.

Lakini umuhimu wa daftari huonekana wazi zaidi siku mtoto anapougua. Katika mikoa ya kandokando ya Ziwa Victoria malaria ingali adui mkubwa wa watoto wadogo. Tangu sera ya matibabu ilipobadilishwa mwaka 2006, malaria ya kawaida hutibiwa kwa dawa mseto. Dawa hiyo hutolewa kwa mafungu sita katika siku tatu, na saa zake zina mpango maalumu. Fungu la pili hutolewa saa nane baada ya lile la kwanza. Fungu la tatu hutolewa saa 24 baada ya lile la kwanza. Yanayobaki hufuatana kila baada ya saa 12.

Tuchukue mfano. Mtoto amepimwa damu katika zahanati, akaonekana ana vijidudu vya malaria, akapewa fungu la kwanza saa nne asubuhi. Fungu la pili ni saa kumi na mbili jioni ya siku ile ile. La tatu ni saa nne asubuhi ya kesho yake, la nne saa nne usiku, la tano saa nne asubuhi ya siku ya tatu, na la mwisho saa nne usiku. Sasa tazama jinsi mafungu hayo yalivyogawanyika. Mengine yanaangukia saa za mama, mengine saa za yaya. Siku ya pili mama yuko darasani saa nne asubuhi. Yaya ndiye mwenye kidonge. Kama hawakuandikiana, mambo mawili yaweza kutokea. Ama kila mmoja adhani mwenzake ametoa, na mtoto akose fungu. Ama kila mmoja atoe, na mtoto apate mara mbili. Akikosa, vijidudu hubaki mwilini, na homa iliyotulia kwa siku mbili hurudi.

Tena mtoto aweza kutapika. Akitapika muda mfupi baada ya kumeza, huenda ikabidi fungu lirudiwe. Mhudumu wa afya atauliza, "Alitapika baada ya dakika ngapi?" Swali hilo halijibiwi na "amekula, amelala."

Hali ni hiyo hiyo kwa dawa ya kutuliza homa, ile ya parasetamo, ambayo karibu kila nyumba inayo kabatini. Mtoto asipewe zaidi ya mara nne katika saa 24, na kati ya fungu na fungu pawe na nafasi ya saa nne hadi sita. Mama amempa saa kumi na moja alfajiri kabla ya kujiandaa kwenda kazini. Yaya anamgusa mtoto saa moja asubuhi, anaona bado ana joto, kwa huruma anampa kijiko kingine. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Lakini dawa hiyo ikizidi huumiza ini, na ini la mtoto ni dogo. Mstari mmoja uliosomeka, "Saa 11 alfajiri: dawa ya homa, kijiko kimoja," ungeizuia huruma ile isigeuke madhara.

Na kuhara je? Mtoto anayehara hupewa maji ya chumvichumvi ya pakiti, yaliyochanganywa na maji safi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, ambacho kwa pakiti tulizozizoea ni lita moja. Mchanganyiko huo ukishapita saa 24 humwagwa na kutengenezwa mwingine. Pamoja na hayo hupewa vidonge vya zinki kwa siku zisizopungua 10, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Nyumba ngapi huviacha vidonge hivyo siku ile choo kinapokuwa kizuri? Daftari lenye alama kumi za kujazwa, moja kila siku, humkumbusha mlezi kwamba kazi haijaisha. Kadhalika, idadi ya mikojo ni jambo la kuandika. Mtoto ambaye kwa kawaida hukojoa mara kwa mara, kisha tangu asubuhi hadi saa tisa mchana nepi yake ni kavu, anaishiwa maji mwilini. Asiyehesabu hawezi kuliona hilo.

Sasa nakuja kwenye kiini cha mazungumzo yetu. Wazazi wengi wakisikia habari za daftari hufikiri kwamba ni chombo cha kumchunguza yaya, kama vile mwenye duka anavyomchunguza mwuzaji wake. Huko ni kulielewa jambo kinyumenyume. Mkulima wa pamba wa Kanda ya Ziwa aweza kutufundisha maana ya maandishi. Katika miaka ya mwanzo ya 1950 wakulima waliishuku mizani ya wanunuzi. Mkulima alifika na mzigo wake, akaambiwa uzito, naye hakuwa na la kujibu, kwa sababu mizani haikuwa yake wala kalamu haikuwa yake. Ndipo wakulima wakaanza kuweka watu wao wenyewe waliojua kusoma na kuhesabu, wasimame kando ya mizani na kuandika. Harakati hizo za wakulima ndizo zilizokuza vyama vya ushirika, ambavyo mwaka 1955 viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kalamu ile haikuwekwa ili kumwonea mtu. Iliwekwa ili mnyonge apate shahidi.

Katika nyumba yako wamo wanyonge wawili. Wa kwanza ni mtoto, ambaye hajui kusema. Wa pili ni yaya, ambaye anajua kusema lakini hasikilizwi. Mtoto akianguka homa usiku, swali la kwanza nyumbani ni, "Huyu dada amemlisha nini?" Mtoto akikonda, ni yaya. Akipata vipele, ni yaya. Msichana wa watu anasimama mlangoni akiinamisha macho, hana cha kumtetea. Lakini kama imeandikwa kwamba saa sita mchana mtoto alikataa ugali laini, saa nane alikuwa na joto, na saa nane na robo yaya alimpigia mama simu, basi shahidi yupo. Daftari lamtetea mtoto mbele ya mganga, na lamtetea yaya mbele ya wazazi. Hiyo ndiyo kazi yake.

Kwa sababu hiyo mzazi naye hana budi kuandika. Daftari linaloandikwa na yaya peke yake ni ripoti ya mtumishi kwa bwana wake. Likiandikwa na wote wawili ni mazungumzo ya walezi. Mama aandike usiku ulivyokwenda kabla hajatoka. Baba naye, kama ndiye aliyeamka saa tisa usiku kumbembeleza mtoto, aandike kwa mkono wake. Yaya akisoma asubuhi kwamba mtoto hakulala vizuri, hatashangaa akisinzia saa tatu, wala hatamlazimisha kucheza.

Mzazi asome kila jioni, na asome mbele ya yaya. "Mama, leo hakumaliza uji wa saa kumi." "Asante kwa kuniambia, mwanangu. Labda meno yanamsumbua. Kesho tujaribu uji mwepesi." Mazungumzo mafupi kama hayo yana thamani kubwa. Kinyume chake, siku ile utakapomgombeza kwa sababu ameandika kwamba mtoto alianguka kitandani, hiyo ndiyo siku ya mwisho kuandikwa ukweli katika daftari lako. Kuanzia hapo kila ukurasa utasema mtoto amekula vizuri na amelala vizuri. Anayeandika kwa hofu huandika yale yatakayompendeza msomaji.

Ikiwa maandishi yanasema hivi na mwili wa mtoto unasema vile, uamini mwili. Mtoto ambaye daftari lake limejaa mabakuli ya uji lakini uzito wake haupandi kwa miezi miwili mfululizo, au anayejikunyata akimwona mlezi wake, anakuambia jambo ambalo halikuandikwa. Hapo kaa kitako, uliza kwa upole, shinda nyumbani siku moja ukiweza, na umpeleke mtoto kliniki.

Je, ni mambo gani ya kuandika? Usimtwishe yaya mzigo wa karani. Mambo matano yatosha: chakula na kinywaji, usingizi, haja ndogo na kubwa, dawa, na jambo lolote lisilo la kawaida. Ufuatao ni mfano wa ukurasa wa siku moja wa mtoto wa miezi tisa:

Saa 12.30 asubuhi (mama): Amenyonya. Usiku aliamka mara mbili. Hakupewa dawa.
Saa 2.30 asubuhi (yaya): Uji wa ulezi na maziwa, nusu kikombe.
Saa 3.15 asubuhi: Mkojo. Amelala hadi saa 4.30.
Saa 4.40 asubuhi: Choo laini, rangi ya kawaida.
Saa 6.30 mchana: Ugali laini, mchuzi wa dagaa waliopondwa. Vijiko vitano. Mkojo.
Saa 8.00 mchana: Ana joto kidogo. Anacheza. Amekunywa maji.
Saa 9.00 alasiri: Joto limezidi. Nimempigia mama simu. Sijampa dawa.
Saa 10.15 alasiri (mama): Nimerudi. Tunakwenda zahanati.

Ukurasa huo unaandikwa kwa dakika chache tu kwa siku nzima. Lakini mhudumu wa zahanati akiusoma anajua homa ilianza lini, mtoto ametumia nini, amekojoa mara ngapi na kwamba hajapewa dawa yoyote. Mama aliyetoka kazini mbio asingeweza kueleza hata nusu yake.

Jambo moja dogo lakini la hatari ni saa. Sisi husema saa mbili, na simu ya mkononi huandika 8:00. Mhudumu akiandika kwenye bahasha ya dawa "saa 8," je, ni saa nane ya mchana ya Kiswahili au ni ile ya simu, yaani saa mbili? Tena akisema "baada ya saa nane," hiyo si saa ya ukutani hata kidogo. Ni urefu wa muda. Wazazi na yaya wakubaliane siku ya kwanza kabisa kwamba daftari litatumia saa ya Kiswahili, na kila mstari useme asubuhi, mchana, alasiri, jioni, usiku au alfajiri. Bahasha ya dawa ikiletwa, geuzeni saa zake pamoja na kuziandika upya kwa lugha ya nyumba yenu.

Kurasa za mwisho za daftari ziandikwe dalili za hatari, kwa herufi kubwa: mtoto hawezi kunyonya wala kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege, amelegea mno au hazinduki, anapumua kwa haraka au kwa shida. Mtoto wa miezi miwili hadi kumi na miwili anayevuta pumzi mara 50 au zaidi kwa dakika, au wa mwaka mmoja hadi mitano anayevuta mara 40 au zaidi, apelekwe kwenye matibabu bila kukawia. Mfundishe yaya kuhesabu pumzi kwa dakika nzima, mtoto akiwa ametulia. Chini ya dalili hizo andika namba za simu za baba, mama na jirani mmoja wa kutegemewa. Na umwambie yaya wazi kwamba akiona mojawapo ya dalili hizo asisubiri ruhusa: ambebe mtoto, achukue daftari na kadi ya kliniki, aende. Nauli ya dharura iwe mahali anapopajua.

Msomaji mwingine atasema, "Yaya wangu hajui kusoma vizuri." Jambo hilo lisiwe kikwazo. Chora kikombe kwa uji, tone kwa mkojo, jani kwa choo, mwezi kwa usingizi na duara kwa kidonge. Yeye apige mstari chini ya picha kila tendo linapofanyika. Hata bila karatasi, makopo mawili yafaa: punje ya mahindi kwa kila mlo, harage kwa kila mkojo. Jioni mnahesabu pamoja na kuandika. Lakini usiishie hapo. Kanda hii ya Ziwa ina historia yake katika elimu ya watu wazima. Kati ya mwaka 1968 na 1972 mradi wa kisomo uliosaidiwa na UNESCO, wenye makao yake Mwanza, uliihusisha mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi. Watu walifundishwa kusoma kwa vitabu vilivyohusu kazi zao: pamba, mifugo, uvuvi na maarifa ya nyumbani. Walijifunza herufi kwa sababu zilikuwa na kazi ya kufanya. Daftari la mtoto laweza kuwa darasa la namna hiyo. Dakika ishirini kila jioni, ukimsaidia kuandika "amekula" na "amekojoa," na msichana aliyekuja kwako akipiga mistari aweza kuondoka akiandika barua.

Na kama mlezi ni bibi, hapo tumia adabu. Mama mkwe aliyelea watoto saba hapewi orodha ya maagizo. Mwombe. "Mama, mganga ametaka tuandike saa za dawa, naomba unisimulie jioni niandike." Au mjukuu mkubwa aliye darasa la tano akitoka shule aandike kwa kusimuliwa na bibi yake. Bibi atajiona anaheshimiwa kwa kumbukumbu yake, na mjukuu atajifunza malezi.

Daftari la kila siku halichukui nafasi ya kadi ya kliniki, huilisha. Kadi inajua mambo ya kila mwezi: uzito na chanjo, kuanzia zile za kuzaliwa, za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, hadi chanjo ya surua na rubela ya miezi 9 na ya miezi 18. Mstari wa uzito ukilala badala ya kupanda, kadi itakuambia kwamba kuna tatizo. Daftari ndilo litakalokuambia tatizo liko wapi: pengine uji ni mwepesi mno, pengine mtoto hali chochote baina ya saa saba na saa kumi na moja. Nchi yetu imewahi kuiona faida ya mwenendo huo. Mwaka 1983 ulianza Iringa mpango wa lishe wa serikali ukisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia, katika vijiji 168. Watoto walipimwa, uzito ukaandikwa, na viongozi wa kijiji wakajadili sababu na hatua za kuchukua. Katika miaka iliyofuata utapiamlo mkali ulipungua sana. Mizani peke yake haikumnenepesha mtoto yeyote. Kilichosaidia ni kwamba baada ya kuandika, watu waliketi, wakauliza kwa nini, wakatenda.

Mwisho, iko hesabu nyingine ambayo wazazi huisahau. Ukimtaka yaya aandike kazi yake, nawe andika haki yake. Sheria hairuhusu kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, na aliye chini ya miaka 18 asipewe kazi za hatari wala kazi za kumwondoa shuleni. Yaya ni mfanyakazi. Kima cha chini cha mshahara wa watumishi wa nyumbani hupangwa na serikali, na wafanyakazi wa majumbani wana chama chao, CHODAWU. Tenga ukurasa mmoja wa nyuma: tarehe aliyoanza kazi, mshahara mliokubaliana, tarehe uliyomlipa, siku zake za mapumziko, siku alizokwenda nyumbani kumwona mamaye. Kila mwezi mtie sahihi wote wawili. Ukimlipa kwa kukatakata na kwa ahadi, huku ukidai aandike kila kijiko cha uji, daftari lako litakuwa na upande mmoja tu wa ukweli.

Wengine watauliza kama simu ya mkononi haitoshi. Simu ni nzuri kwa kupeana habari za haraka, lakini huishiwa chaji, hupotea, na aghalabu huwa mfukoni mwa mtu aliye mbali na mtoto. Daftari hukaa pale alipo mtoto, na jirani atakayembeba kumpeleka zahanati aweza kulichukua mkononi.

Leo ni Jumapili, na wengi wetu tupo nyumbani. Tuma mtoto dukani akanunue daftari moja la mazoezi na kalamu mbili, moja ya akiba. Litoboe pembeni, ulifunge kamba, ulitundike ukutani mahali ambapo mtoto hafiki na yaya anafika, pamoja na kadi ya kliniki. Kaa na yaya, mkubaliane juu ya saa na juu ya mambo yale matano. Kisha kesho, kabla hujatoka kwenda kazini, uandike wewe mstari wa kwanza.